Taa za Njano za Maître Donat

Nilipopata habari kwamba Maître Donat amefariki, nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote nikaenda kwenye kilio kuhakikisha. Najua si maneno ya kuandika, lakini nimefika umri ambao sina tena mtu wa kumwogopa, na yule mmoja niliyewahi kumwogopa alikuwa amelala pale sebuleni ndani ya sanduku la mbao nyekundu ya libuyu, vidole vimezungushiwa rozari. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Nje, chini ya turubai, watu walikuwa wakitoa ushuhuda. Mmoja alisema marehemu alikuwa daktari wa magari ya Bukavu nzima. Mwingine akasema alifundisha vijana wengi kazi, wavulana kwa wasichana, bila ubaguzi, na hapo chai ikanipalia. Msemaji wa familia akaja mpaka kwenye kiti changu, akainama, akaniomba nami nisimame niseme machache, kwa kuwa mjini wananijua kama fundi wa umeme mwenye karakana yake. Nikamwambia koo linaniuma. Kisha nikaingia chumba cha ndani kumpa pole mjane, Maman Antoinette, ambaye zamani aliniita mutoto wangu hata kabla sijafika mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye godoro katikati ya wanawake wenzake, amekonda, macho makavu. Alinipa ncha za vidole. "Aksanti kwa kuja, madame," akasema, akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, niko darasa la mwisho la shule ya ufundi, sehemu ya umeme, msichana peke yangu kati ya wavulana waliochoka kunitania wakaanza kunakili daftari langu. Ili tukubaliwe kufanya mtihani wa mwisho wa vitendo, kila mmoja alipaswa kukaa miezi mitatu kwa fundi mjini na kuleta hati yake, attestation de stage, yenye sahihi na muhuri, inayosema alifanya kazi gani. Bila hati hakuna mtihani, na bila mtihani ile miaka yote ya shule ingekuwa bure. Nyumbani walishasema wazi kwamba nikikosa diploma nitapelekwa kujifunza kushona. Sina ugomvi na cherehani, ila mimi nilikuwa nimeshapenda kitu kingine. Shule ilinituma kwenye gereji ya Donat, tuliyemwita Maître, fundi mkuu, mtaani Kadutu. Donat alikuwa fundi wa injini wa kweli, hilo simnyimi. Angeweza kusimama kando ya barabara, akasikia gari linapita, akakuambia valvu ipi ina tabu. Umeme ndio uliomtia hofu. Aliushika waya kama mtu anayeshika mkia wa nyoka. Kazi zote za taa, honi na dinamo aliwasukumia wanafunzi, na mwenye gari alipokuja kulichukua, Maître alikuwa wa kwanza kufuta mikono kwa kitambaa na kusema, "Ilinihangaisha, lakini niliipata." Kwa miezi mitatu mimi nilikuwa chini ya dashibodi na yeye alikuwa akifuta mikono.

Wiki ya mwisho aliniita pembeni. "Jumapili utakuja kwangu ku nyumba," akasema. "Kuko kakazi ka taa ku gari yangu. Ku garage usiambie mutu." Nilifikiri ni heshima. Nilifikiri fundi mkubwa ameona kazi yangu, anataka nimfanyie ya kwake mwenyewe, na huko huko atanipa hati. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, nilipanda mpaka kwake, mtaa wa Muhungu, na mfuko wangu wa vyombo. Gari lilikuwa Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, kuukuu kunishinda mimi, na karibu na gurudumu kulikuwa na taa mbili za ukungu za mtumba, vioo vya njano, zimefungwa katika gazeti. Maître alieleza kwamba kwenye milima ya kabla ya Mugogo, njia ya Walungu, ukungu wa asubuhi ni mzito, na taa zake za kawaida zikiwashwa humo zinamrudishia weupe usoni. Alishaingia mtaroni mara moja. Tangu siku hiyo alikuwa anaogopa, na mtu kama yule kukiri uoga mbele yangu, mimi msichana wa stage, niliona ni jambo kubwa.

Nilifanya kazi ile kama ninayefanya mtihani. Nilipima bampa kutoka katikati kwa utepe wa kushonea wa Maman Antoinette, nikaweka alama chini kabisa, maana taa ya ukungu inakaa chini imulike barabara, si ukungu wenyewe. Nikatoboa kwa drili ya mkono mpaka kiganja kikatoa lengelenge. Nikakwangua rangi mahali pa kufunga waya wa masi, ule unaourudisha umeme kwenye bodi ya gari, mpaka chuma kikaonekana, nikapaka grisi. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikaweka fyuzi hapo hapo karibu, kisha rele, kile kisanduku kidogo kinachobeba umeme mzito ili swichi ya dereva isiungue. Mafundi wengi wa mjini waliruka vyote viwili. Waliunga betri na swichi moja kwa moja, na baada ya mwezi dashibodi inanuka moshi. Mimi sikuruka kitu. Saa sita Maman Antoinette alikuja kusimama mbele ya gari na mwiko mkononi. "Kuja ukule kwanza, mutoto wangu, courant haikimbie," akasema, akimaanisha umeme. Sebule yao ilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vya kufuma ambavyo hakuna mtu aliyeviketia, basi tulikula jikoni, karibu na mbabula iliyokuwa bado ina makaa: bugali, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, na sambaza, visamaki vikavu vya ziwani, alizokaanga mpaka zikalia mdomoni. Alinisimulia habari za mama yake, aliyekuwa anazeeka kule Lwiro, na jinsi wasichana wa zamani walivyokatazwa hata kugusa baiskeli. Alinijazia sahani mara mbili. Hakuna mtu mjini aliyewahi kunilisha namna ile bila kunidai kitu.

Mchana nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, gari limeegeshwa mgongo kwa veranda. Rafiki mmoja wa Donat, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa amekuja, wakaketi pale na chupa zao, hatua nne kutoka kwangu. Wakanisahau.

"Ijumaa unapanda tena Walungu?" rafiki akauliza.

"Napanda," Donat akajibu. "Mutoto ya kule iko anaanza kutembea, anajua hata jina yangu. Sasa na hizi taa anti-brouillard, saa kumi na moja ya asubuhi niko barabarani, ukungu ao hakuna. Antoinette anajua naenda kutafuta pièces ya magari."

"Na huyu binti? Hatasema?"

"Huyu? Atasema na nani?" Nikasikia chupa ikiwekwa sakafuni. "Kazi anajua, kusema kweli. Anajua kunipita. Lakini nikimuandikia courant, kesho batu watasema garage ya Donat ni binti njo anaiendesha. Nilimuandikia nettoyage. Kufagia, kuosha. Bahasha nimeifunga, atajipelekea yeye mwenyewe ku shule."

Wakacheka wote wawili. Si kicheko kibaya. Kicheko cha watu walioshiba. Mimi nilikuwa na waya mwembamba mdomoni, nimeuuma ili mikono yote iwe huru, na nakumbuka ladha ya shaba mpaka leo. Wanaosema hasira ni moto hawajui hasira. Yangu ilikuja baridi. Ndani ya mfuko wangu mlikuwa na swichi ndogo niliyoitoa kwenye redio mbovu, haizidi ukucha wa kidole gumba. Nilichukua ule waya mwembamba wa masi unaoiamsha rele, nikaukata, nikaupitisha kwenye swichi ile, nikaificha nyuma ya kisanduku cha majivu ya sigara, mahali ambapo kidole kinafika lakini jicho halifiki. Ukiibonyeza upande mmoja, taa za ukungu zinawaka vizuri. Ukiibonyeza upande wa pili, dereva atabonyeza swichi yake, kitaa chake chekundu kitawaka kumdanganya, na mbele ya gari kutabaki giza. Ilinichukua dakika kumi, wala sikujua bado nitaitumia lini. Nasema kama fundi: hakuna kiungo nilichokifunga vizuri kuliko kile siku ile. Nilipomaliza niliwasha, njano ikatanda juu ya ukuta wa ua, Donat akapiga makofi. Akaniletea bahasha na kunitakia mtihani mwema.

Niliibeba kesho yake katika mvua, ndani ya daftari, chini ya sweta. Niliibeba kwa sababu kufungua bahasha ya shule lilikuwa kosa la kufukuzwa. Préfet, mkuu wetu wa masomo, aliisoma akanitazama juu ya miwani. "Faida, miezi mitatu yote ulikuwa unafagia tu?" Nikamwambia si kweli. Akasema yeye hawezi kubishana na muhuri, lakini orodha ya mtihani itafungwa mwisho wa muhula, na nikileta hati nyingine kutoka kwa fundi yule yule ataipokea. Nikaenda gereji. Donat alinisikiliza mbele ya wafanyakazi wake wote, akifuta mikono. "Karatasi ni karatasi," akasema. "Lakini gari yangu inapashwa kuoshwa kila Alhamisi. Kuja ku nyumba uoshe, tutaona." Wafanyakazi wakatazama chini. Basi nikawa naosha. Aliandika uongo, kisha akanitumia kuufanya ukweli, na kila Alhamisi alikuwa na jibu lile lile, tutaona. Nimesikia mahubiri mengi juu ya kusamehe, na huwa najiuliza kama padri aliyeyaandika alishawahi kusugua tairi za mtu aliyemwibia.

Alhamisi ya kwanza, nilipokuwa nasafisha ndani, nilipitisha kidole nyuma ya kisanduku cha majivu. Ijumaa saa tatu asubuhi Donat alikuwa amesharudi nyumbani, matope mpaka magotini, anatukana. Alifika kwenye ukungu, akabonyeza swichi, kitaa chekundu kikawaka na njano hakuna. Akangoja, akaogopa, akageuza. Waliniita baada ya shule. Nilifungua boneti, nikapima hapa na pale kwa taa ya kupimia, nikatikisa kichwa, nikakaa saa nzima ndani ya gari nikikunja uso. Kisha kidole, na taa zikawaka. "Ni masi tu, Maître, unyevu uliingia." Akaniambia nimechelewesha siku yake. Nilipogeuka, Maman Antoinette alikuwa amesimama kwenye dirisha la upande wa pili wa gari na beseni la nguo. Aliniita jikoni nile.

Alinipa kwanza maharage, akangoja nimeze. "Faida, kile kidole yako kilikuwa kinatafuta nini kule nyuma?"

Nilijua nimekwisha. Nikamwambia yote kuhusu bahasha na nettoyage na swichi. Kuhusu Walungu sikugusa. Yeye aliendelea kutwanga sombe, taratibu, bila kukosea kinu.

"Na Ijumaa, ile gari inaendaka wapi?" akauliza. Nikainamia sahani. "Unafikiri sijue? Walungu, nyumba ya mabati mupya. Miye njo nilifua shati yenye alirudia nayo, mutoto alikuwa ameitapikia maziwa." Akaweka mchi chini, akajifuta mikono kwa kitenge. "Sasa tuende, unionyeshe."

Miezi iliyofuata ndiyo iliyokuwa mitamu kuliko yote ya ujana wangu, na sioni aibu kusema hivyo. Alhamisi jioni, Maman Antoinette alitoka kuchukua mkoba wake aliojifanya kuusahau garini, na kidole chake kikapita nyuma ya kisanduku. Ijumaa Donat aligeuzwa na ukungu. Aliporudi, akiwa bado anaoga, mkewe aliusahau mkoba mara ya pili, na fundi alipokuja kuangalia alikuta taa zinawaka bila tatizo. Fundi wa kwanza alitoka gerejini kwake, wa pili mtaa wa Nguba, wa tatu alikuwa amesomea Bujumbura na alikuja na kipimo cha sindano. "Maître, taa ziko zinawaka," wote walisema, na wa tatu akamuuliza kwa upole kama analala vizuri. Jumapili mtu na mkewe walipokwenda Lwiro kumwona mama mkwe, hata kwenye manyunyu ya Kavumu, taa zilimulika barabara mpaka majani ya kando. Majirani wakaanza kumtania kwamba taa za Donat zinachagua njia. Alinyunyizia bampa maji ya baraka. Mimi niliiosha bampa ile ile Alhamisi, maji ya baraka na matope pamoja, na moyoni nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Jikoni, Maman Antoinette na mimi tulitazamana juu ya sahani kama watoto waliovunja kitu. Alinifundisha kupika sombe bila haraka. Alianza kunisukia nywele.

Lakini hati haikuja, na mwisho wa muhula ulikuwa unakaribia. Kila nilipouliza, ilikuwa tutaona. Ndipo Donat alipopelekwa na jirani kwenye kikundi cha sala, na huko mama mmoja, aliyefumba macho, akamwambia kuna njia Bwana anaifunga mbele yake. Mtu mwingine angekwenda kununua rele mpya. Donat alianguka magoti. Alikuwa ameshajua mwenyewe kwamba taa hazimkatalii popote isipokuwa njia ya Walungu, na kwa mtu aliyeogopa umeme kama yeye, ilikuwa rahisi kumwona Mungu ndani yake. Akaitisha kikao cha familia siku ya Jumamosi: kaka yake mkubwa Papa Zacharie kutoka Kabare, mashemeji, na abbé, padri wa parokia. Maman Antoinette akaniita nisaidie glasi na kasiksi, pombe ya ndizi. Orodha ya mtihani ilikuwa inafungwa Jumatatu. Nilikwenda na tumaini, nalisema wazi. Niliamini mtu akitubu kwa woga wa Mungu, anatubu vyote.

Siku hiyo watu waliketi juu ya vile vitambaa vya kufuma. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo, nami nilisimama nyuma yake na glasi na kitambaa. Donat alipiga magoti mbele ya abbé, akalia kweli, machozi yakidondoka shatini. Alisema juu ya mwanamke wa Walungu. Alisema juu ya mtoto. Alisema vipuri vya zamani alivyovipaka grisi akaviita vipya. Alisema jinsi alivyompiga mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Kila alipopumua nilijiambia, sasa ni mimi, sasa atasema jina langu. Akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa mbele ya kaka yake kwamba mguu wake hautafika tena Walungu, kwamba mtoto atamlea kwa kupitia familia, mchana, mbele ya macho ya watu. Maman Antoinette alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono mapajani, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona, amani. Kisha Donat akafuta pua. "Nimemaliza, Padiri. Hakuna ingine."

Niliingia na glasi mkononi. "Maître, umesahau moja."

Akanitazama. Natafuta mpaka leo neno la ule uso. Hakuwa anaficha. Alikuwa anatafuta kwa dhati, mtu mwenye nia njema, na hakuona kitu. "Gani, ma fille?"

"Karatasi yangu."

"Karatasi gani?"

Papa Zacharie akauliza huyu ni nani. "Ni mutoto mwenye kuosha gari," Donat akajibu, akarudisha macho kwa abbé. Kama angenitukana, pengine ningerudi jikoni. Lakini alikuwa amepekua dhambi zake zote mpaka za miaka ishirini, na mimi sikuwamo. Sikuwa hata dhambi. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Si Mungu alizima taa, Maître. Ni miye. Kuja nikuonyeshe."

Wakatoka wote uani, abbé akishikilia kanzu yake isiguse matope. Niliwasha swichi ya dereva, nikapitisha kidole nyuma ya kisanduku. Zikawaka. Zikazima. Zikawaka. Papa Zacharie aliinama akatazama, akainama tena, kisha akacheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Nyamuzinda, Mungu wangu! Mafundi tatu walikuja hapa, na ni huyu binti njo aliwashinda?" Akanigeukia. "Na karatasi ilisema nini?" Nikamwambia. "Nettoyage?" Akamtazama mdogo wake, kicheko kikakatika. "Donat, utaandika sasa hivi. Mbele yangu."

Akaandika juu ya meza ya sebule, kwa kalamu ya abbé, mkono wake ukichimba karatasi: umeme wa gari, taa, dinamo, rele, kazi nzuri sana. Muhuri ulikuwa chumbani. Maman Antoinette ndiye aliyeuleta. Aliuweka mezani bila kunitazama, na hapo tu, hati ikiwa imeshafika mikononi mwangu, ndipo nilipouona uso wake na kuelewa. Nilikuwa nimesema ni miye, peke yangu, nikidhani ninamkinga. Na Donat alikuwa anasimama. Mabega yalikuwa yamerudi mahali pake. Alijifuta uso, safari hii kwa kitambaa kile kile cha kufutia mikono. "Basi Padiri," akasema, "kama Mungu hakuwa ndani, ile kiapo nayo haikuwa kiapo. Nilidanganywa na mutoto." Abbé alianza kusema kwamba toba ni toba. Papa Zacharie alitazama glasi yake. Kisha mtu akaomba kasiksi iongezwe. Mimi ndiye niliyeiongeza.

Jumatatu jina langu liliingia kwenye orodha. Alhamisi niliitwa Muhungu kuondoa swichi, Donat amesimama juu yangu. Nilikata, nikaunga, nikafunga kwa mkanda. Maman Antoinette alipita na ndoo.

"Maman, unisamehe," nikasema.

"Ulipata karatasi yako?"

"Ndiyo, maman."

"Basi uende ufanye mtihani yako," akasema, bila ukali wowote, akaendelea kwenda bombani.

Mtu akiniuliza kama namwombea Donat, najibu hapana, na kama ningerudishwa chini ya dashibodi ile ningeiweka swichi tena, mahali pale pale. Ni kile kitu cha sebuleni ninachokishika mpaka leo na sijui pa kukiweka. Ningeweza kungoja watu waondoke. Ningeweza kwenda kwa Papa Zacharie kesho yake, Jumapili, njia ya Kabare si ndefu. Lakini nilitaka Donat asikie, nilitaka asikie mbele ya watu, nilitaka kuona ule uso uliolowa ukijua kwamba umelia bure. Niliuona. Niliufurahia kwa nusu dakika tu.

Ijumaa niliamka mapema kusoma. Sisi tulikaa kando ya barabara inayoshuka Panzi, njia ya kwendea Walungu, na nilikuwa langoni na daftari nikitafuta mwanga wa asubuhi. Hapakuwa na ukungu hata kidogo. 504 ilikuja polepole, na ilipofika mbele yangu Donat akasimama, akawasha zile taa mbili, akaziacha zimulike ukuta wetu huku ananitazama. Kisha akakanyaga mafuta akaenda zake. Nilizitazama kama fundi, sikuweza kujizuia. Zilikuwa zimenyooka, hazitetemeki, njano safi, kazi isiyo na kasoro. Lango la kwao Muhungu lilikuwa la chuma, zito, na kila Ijumaa saa kumi na moja, hata Ijumaa hiyo, aliyelifungua ili gari litoke alikuwa Maman Antoinette.